Uzi wa Carcavelos, Ureno: soma bahari kwanza, ubao baadaye (kwa wanaotaka kuserfu Lisbon mara ya kwanza)

#1 MwanaRaskazone

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu nimeuahidi muda mrefu. Kila baada ya wiki mbili tatu anatokea ndugu yetu anauliza: "Nina siku nne Lisbon, nataka kujaribu kuserfu, kuteleza kwenye mawimbi kwa ubao. Nielekee wapi?" Anajibiwa kwa mstari mmoja, nenda Carcavelos, treni inafika, basi. Treni inafika kweli. Lakini Jumamosi iliyopita nilimkuta kijana wa kwetu pale ufukweni, kaptura ya kuogelea, ubao wa kukodi, peke yake, anaelekea kuingia mahali pabaya kuliko pote siku hiyo. Nikamwita. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Kaka, mimi wa Kigamboni, bahari naijua."

Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, na yalikaribia kuniua.

Nimekulia Tanga, Raskazone. Kuogelea nilijua kabla ya kusoma. Novemba ya mwaka wangu wa kwanza wa masomo hapa nilisimama mchangani kama dakika mbili nikatazama: kushoto mawimbi yanavunjika, kulia yanavunjika, katikati pana nafasi ya mita ishirini hivi pametulia, maji ya rangi nzito kidogo. Nikasema hapo ndipo pa kuingilia. Hiyo ni akili ya Tanga, maji yaliyotulia ni maji salama.

Hapa ni kinyume. Pale palipotulia ndipo mkondo unapotokea. Maji yote yanayosukumwa ufuoni na mawimbi lazima yarudi, na yakirudi yanachimba njia yao kati ya fungu moja la mchanga na jingine. Njia hiyo ina kina zaidi, kwa hiyo mawimbi hayavunjiki hapo, na mgeni akiitazama anaona mlango. Wareno wanaiita agueiro. Muda mfupi tu nikawa nje ya mawimbi, miguu haigusi chini, na kila nikipiga mikono kurudi niko palepale. Nikafanya lile linaloua watu: nikapigana nao. Mzee mmoja mwenye ubao mrefu alinijia, akanishikisha ubao, akanivuta kwa upande, sambamba na ufuo. Hatukufika hata mita arobaini mkondo ukatuachia, na mawimbi yenyewe yakaturudisha. Hakunigombeza. Alinikalisha mchangani, akanionyesha ule mstari kwa kidole mpaka nilipouona mwenyewe.

Kwetu mwamba unavunja mawimbi mbali huko nje, kinachotufikia ni mabaki. Hapa hakuna mwamba. Wimbi limezaliwa kwenye dhoruba huko karibu na Greenland au Iceland, limesafiri siku mbili tatu bila kuguswa na kitu, na kitu cha kwanza linachokanyaga ni mchanga ulio mbele yako. Na mchanga unahama. Mwamba wa Tanga ni ule ule alipovulia samaki babu yangu, lakini fungu la mchanga la Carcavelos la wiki hii siyo la wiki ijayo, dhoruba moja inatosha kulipeleka kwingine. Ndiyo maana sitamwambia mtu "ingia mbele ya mkahawa fulani". Ushauri wa namna hiyo unaoza upesi.

Naendelea chini, naomba msijaze kurasa kwanza.

#2 MwanaRaskazone

Mahali penyewe. Carcavelos iko kati ya Lisbon na Cascais. Unapanda treni ya Cascais pale stesheni ya Cais do Sodré, Lisbon, dakika 25 hivi, unashuka Carcavelos, unatembea robo saa kuteremka baharini. Kadi ya usafiri inaitwa Navegante, weka salio la kwenda na kurudi mapema, kwa sababu Jumapili yenye jua foleni kwenye mashine si mchezo. Ufukwe una zaidi ya kilomita moja ya mchanga, na mwisho wake wa mashariki ni ngome kubwa ya São Julião da Barra, ya karne ya 16, inayolinda mdomo wa mto Tagus.

Sasa shikeni hili, ndilo linaloeleza mambo mengi: ufukwe unatazama kusini na kusini-magharibi, wakati mawimbi mengi makubwa ya Atlantiki yanatoka kaskazini-magharibi. Ili yafike Carcavelos lazima yapite rasi ya Cabo Raso yakunje kona, na wimbi likikunja kona linapungua. Siku ambayo Guincho, ufukwe wa upande wa pili wa rasi, inapigwa na mita tatu na hakuna anayethubutu, Carcavelos inaweza kuwa na mita moja, moja na nusu, safi kabisa. Na siku ambayo Guincho ina mita moja, Carcavelos ni ziwa.

Kwa hiyo ukifungua programu ya utabiri usitazame urefu wa wimbi peke yake. Tazama na sekunde, yaani muda kati ya wimbi na wimbi. Wengi wetu tunaruka namba hiyo, na ndiyo inayosema kweli. Mita moja na nusu ya sekunde 7 ni mawimbi ya upepo wa jirani, yamevurugika, hayana mwendo. Mita moja na nusu ya sekunde 14 ni kitu kingine kabisa. Wimbi la sekunde 7 huanza kuhisi chini kwenye kina cha mita 38 hivi, la sekunde 14 huanza tangu mita 150. Lile refu linaigusa rasi mapema, linapinda vizuri zaidi, linaingia hadi Carcavelos, na likifika kwenye kina kidogo linainuka kuliko ulivyotarajia. Nguvu yake husafiri karibu kilomita 40 kwa saa, kilomita 900 na zaidi kwa siku. Hivyo dhoruba iliyo kilomita 2,000 kutoka hapa leo ni mawimbi yako ya keshokutwa. Mimi hufungua ramani ya IPMA, idara yao ya hali ya hewa, kama babu alivyokuwa akitazama mawingu.

Upepo: kwa kuwa ufukwe unatazama kusini, upepo wa kaskazini unatoka nchi kavu. Huo ndio mzuri, unalikabili wimbi usoni na kulisimamisha wima kabla halijavunjika. Ukigeuka kuwa wa kusini, kaa nyumbani.

Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, kuna upepo wao maarufu, nortada. Asubuhi kimya, mchana bara linapata joto, upepo wa kaskazini unaamka na unavuma mpaka jioni. Unasukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, ya chini yenye baridi yanapanda kuchukua nafasi. Ndiyo maana mtu anafika Guincho mwezi wa saba, jua linachoma, anatia mguu majini anaruka. Miezi hiyo Carcavelos mara nyingi haina wimbi. Kwa anayechagua tarehe nasema Oktoba: maji bado ni nyuzi 18 au 19, mawimbi ya kwanza ya vuli yameanza, watalii wamepungua. Februari na Machi maji hushuka mpaka 14.

Suti ya mpira ni lazima, narudia, ni lazima. Wakati wa baridi milimita 4 kifuani na 3 mikononi, kiangazi 3 kwa 2. Yule kijana wa Kigamboni na kaptura yake angekuwa na dakika ishirini tu kabla mikono haijakataa kumtii.

Maji kupwa na kujaa nitaeleza mtu akiuliza. Karibuni.

#3 Kabwela_Mkweli

Nimekaa hapa najifunza. Mkuu, hii ndiyo ile sehemu ya mawimbi marefu kama ghorofa?

#4 MwanaRaskazone

Hapana ndugu. Hiyo ni Nazaré, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Lisbon. Kule chini ya bahari kuna korongo refu sana linalofika karibu kabisa na ufuo, linayaongoza mawimbi na kuyarundika mahali pamoja. Rekodi ya wimbi kubwa kuliko yote aliloteleza mtu ni ya pale: mita 26.21, Sebastian Steudtner, Mjerumani, tarehe 29 Oktoba 2020. Kule unaenda kutazama ukiwa juu ya jabali, karibu na mnara wa taa. Usiende na ubao.

#5 BintiMburahati

Kaka shukrani sana kwa uzi huu. Nakuja Lisbon Oktoba kwa kazi, nitabaki na siku tano zangu. Maswali: (1) Naogelea, ila ni kwenye bwawa, urefu wa bwawa mara mbili nachoka. Inatosha? (2) Mimi navaa hijabu, kuna tatizo lolote ufukweni? (3) Nichukue mwalimu au nikodi ubao nijifunze mwenyewe?

#6 MwanaRaskazone

Dada yangu karibu Lisbon.

La tatu kwanza: mwalimu. Somo la kundi huchukua saa moja na nusu hadi mbili, suti na ubao vimo ndani ya bei. Mimi nililipa yuro 30, nyakati zimebadilika, uliza. Muulize pia mambo mawili kabla ya kulipa: wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja, na saa ya somo inapangwaje. Akikujibu kwamba saa yake ni ile ile kila siku, bila kujali maji yamejaa au yamekupwa, mshukuru uende kwa mwingine. Mwalimu anayeijali bahari hupanga saa kwa kufuata maji.

La kwanza: kwa somo la mwanzo utakuwa kwenye povu, maji ya kiunoni, inatosha. Usivuke zaidi ya hapo mpaka uweze kuogelea dakika kumi mfululizo bila kusimama. Na ubao ni boya lako. Ikitokea umechukuliwa, usiuache ubao hata iweje. Lala juu yake, pumua, inua mkono mmoja juu, mtu atakuona.

La pili: suti ya mpira inafunika kuanzia shingo hadi vifundo vya miguu, na maduka yana kofia ya mpira inayofunika nywele na shingo, watu huivaa kwa ajili ya baridi. Juu ya suti vaa fulana ndefu ya kuogelea ukipenda, shule nyingi zenyewe huwavalisha wanafunzi fulana za rangi. Hakuna atakayekugeukia.

#7 NahodhaMtwapa

Salaam alaikum jamaa. Nimeufuata uzi huu kwa hamu, sisi huku Mtwapa twaishi kwa maji. Ndugu MwanaRaskazone, huo upepo wa nchi kavu usemao, wazee wetu wauita umande. Alfajiri mashua zatoka na umande, jioni zarudi na upepo wa bahari. Kumbe mambo ni yayo kwa yayo.

Nataka kuuliza juu ya bamvua. Huko maji yapwa kiasi gani? Na saa ngapi?

#8 MwanaRaskazone

Waalaikum salaam nahodha wangu. Swali hili nimelisubiri.

Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa hufika mita tatu na nusu hivi. Haiko mbali na ya kwenu Mombasa. Na kilichonishangaza mwaka ule wa kwanza: siku za bamvua hapa maji hukupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi, karibu sawa kabisa na Tanga. Nilipoligundua hilo nilimpigia mama simu. Nilijiona kama nimekuta saa ya ukutani ya nyumbani imetundikwa Ulaya. Siku za maji mafu inageuka, asubuhi yamejaa, tena tofauti ni ndogo, mita moja na nusu hivi.

Sasa kwa anayeserfu. Bamvua maji yakikupwa kabisa Carcavelos, wimbi linavunjika juu ya mchanga wenye maji kidogo, linajikunja kama bomba na kujifunga lote kwa mara moja. Linavutia kulitazama, lakini mgeni anatupwa kichwa mchangani. Maji yakijaa kabisa, mawimbi yanakuwa mazito, hayavunjiki mpaka yafike miguuni mwa watu. Saa nzuri ni katikati, hasa maji yanaporudi kuelekea kujaa, saa mbili baada ya kupwa. Na mkondo pia huvuta zaidi maji yanapotoka kuliko yanaporudi. Mimi simruhusu mwanafunzi aingie maji yakiwa yanatoka siku ya bamvua. Hiyo ni sheria yangu, wengine wataniona mkali.

#9 MamaWawili_Almada

MwanaRaskazone, umeandika vizuri, lakini naomba nikupinge kidogo, maana mimi naishi upande wa pili wa mto mwaka wa tisa sasa, na watoto wangu wote wawili wamejifunzia ufukwe wa huku kwetu, Costa da Caparica.

Kwanza, kwa mtu asiyejua kabisa, Carcavelos ni finyu. Jumamosi ya Oktoba pale watu wamebanana, mbao zinaruka, shule sita saba kwenye mchanga ule ule. Caparica mchanga umenyooka kilomita nyingi hadi Fonte da Telha, unatembea dakika kumi kuelekea kusini unapata nafasi yako. Mwenye muda avuke kwa boti kutoka Belém hadi Trafaria halafu basi, safari yenyewe ni starehe.

Pili, Caparica inatazama magharibi, kwa hiyo kiangazi Carcavelos ikiwa ziwa sisi tuna wimbi dogo la kujifunzia. Tatu, la maji kutoka: ni kweli kwa Carcavelos, lakini kwetu mafungu mengine yanafanya kazi vizuri zaidi maji yakiwa yanatoka, mradi yasiwe yamekupwa kabisa. Kwa hiyo usiifanye sheria ya kila mahali.

Onyo letu sisi ni moja. Mbele ya mji kuna kuta za mawe zinazoingia baharini kuzuia mchanga usiibwe. Ubavuni mwa kila ukuta kuna mkondo. Wanaojua hupanda mkondo huo kwenda nje bila kuchoka, na watoto wangu sasa hufanya hivyo, lakini mgeni akae mbali nazo kwa mita mia. Uliposema mchanga unahama hukukosea hata kidogo, huku mchanga umeliwa mpaka wakaja kuumwaga upya, mara kadhaa.

#10 MwanaRaskazone

Dada, nakubali yote, na la tatu umenirekebisha kweli. Nimeandika kwa macho ya ufukwe mmoja. Niongeze tu kwamba kwa sababu Caparica inatazama magharibi, wimbi linaifikia bila kukunja kona kubwa. Utabiri ukisema mita mbili na nusu, anayeanza arudi Carcavelos, au abaki mchangani.

#11 Mzalendo_Sengerema

Samahanini, nitasema ukweli wangu. Kijana ametoka kwenye familia inayomtegemea, amepata nafasi ya kusoma Ulaya, badala ya kukazana anahatarisha maisha kwenye mawimbi kwa ajili ya mchezo. Ukifa huko, mwili kuurudisha ni michango ya watu. Mimi sielewi.

#12 MwanaRaskazone

Mzee wangu, nimekusoma, na sikuchukulii vibaya. Ulilosema la michango ni kweli, ndilo limenifanya niandike uzi huu badala ya kuweka picha tu.

Lakini nikujibu na upande wangu. Majira ya baridi ya kwanza hapa jua lilikuwa linazama saa kumi na moja na robo jioni. Lugha sijui, chumba kidogo, wiki nzima naweza nisisikie jina langu likitamkwa sawasawa. Kitu pekee kilichonukia nyumbani kilikuwa bahari. Baada ya ile siku ya mkondo nilikaa miezi miwili siigusi. Nikawa nakwenda kukaa tu mchangani, kutazama. Nikaanza kuona: leo fungu liko pale, wiki ijayo limehama, mawimbi huja kwa makundi, matano sita makubwa kisha kimya cha dakika nyingi. Nilipoingia tena niliingia nikiwa na heshima. Masomo sikuyaacha. Nilipata nguvu ya kuyamaliza.

#13 Mzalendo_Sengerema

Nimekuelewa kijana. Huku Ziwa Victoria nako upepo ukibadilika tunapoteza wavuvi waliozaliwa majini. Endelea kuwaandikia wenzako.

#14 NahodhaMtwapa

Nimefikiri habari ya hiyo ngome. Vasco da Gama alitoka mto huo huo Julai 1497, Aprili mwaka uliofuata akawa yupo Malindi. Kisha wakajenga Fort Jesus hapa kwetu, 1593. Kwa hiyo nahodha wa kwao apitae hapo ulipokaa ndiye aliyekuja kwetu. Na wewe wa Tanga umekwenda kukaa mdomoni mwa mto wao. Dunia hii.

#15 MwanaRaskazone

Ni kweli nahodha. Ukiwa umekaa juu ya ubao ukisubiri wimbi, ngome iko kushoto kwako na mnara wa taa wa Bugio uko mbele yake, katikati ya maji. Meli zote za Lisbon zinapita hapo mpaka leo.

Umenikumbusha bendera. Neno bendera lenyewe tulilipata kwao, bandeira, na ufukweni litakufaa. Msimu wa kuoga kunakuwa na waokoaji, wanaitwa nadador-salvador. Kijani: ingia, ogelea. Njano: ingia lakini usiogelee, yaani simama penye maji unayoyamudu. Nyekundu: usiingie, na ukikaidi unaweza kutozwa faini. Kuna na ya miraba ya bluu na nyeupe, maana yake mwokoaji hayupo kwa muda. Nje ya msimu bendera hakuna na mwokoaji usimtegemee, na ndio wakati wenyewe wa mawimbi makubwa. Namba ya dharura ni 112. Msimu wa kuoga sehemu za waogeleaji na sehemu za mbao hutenganishwa, muulize mwokoaji kabla ya kuingia na ubao.

#16 Kilifi_Mawimbi

Jambo wakuu. Niliishi Cascais miaka miwili, niongeze la adabu za majini kwa sababu ndilo linaloleta ugomvi.

Wimbi lina mwenyewe. Mwenyewe ni yule aliye karibu zaidi na pale linapoanza kuvunjika. Akishasimama, wewe uliye mbele yake huingii, hata kama umesubiri nusu saa. Ukipiga mikono kwenda nje, zunguka kwenye povu, usipite katikati ya njia ya anayekuja. Na usiutupe ubao wimbi likija. Kamba ya mguuni na ubao vikinyooka pamoja vinafika mita nne tano nyuma yako, na nyuma yako kuna kichwa cha mtu. Carcavelos upande wa karibu na ngome ndiko wenyeji wazoefu hukaa. Mgeni akae katikati au magharibi mpaka ajue. Ukikosea, inua mkono, sema desculpa. Wareno ni watu wa kusamehe ukiomba radhi mara moja.

Pia baada ya mvua kubwa ngoja siku moja mbili. Maji machafu ya mitaa yanashuka na kijito mpaka baharini, masikio na tumbo vitakukumbusha.

#17 MamaWawili_Almada

Msisahau peixe-aranha. Samaki mdogo, anajifukia mchangani penye maji machache, mgongoni ana miba ya sumu. Mwanangu mdogo alimkanyaga Agosti, maji yamekupwa, alilia mpaka sauti ikakauka. Dawa ni maji ya moto, moto kadiri ngozi inavyoweza kuvumilia bila kuungua, mguu ukae humo nusu saa au zaidi. Maji ya moto yanaivunja sumu, barafu haisaidii. Mwokoaji analijua, mkimbilie. Ukiburuta miguu unapotembea majini badala ya kukanyaga kwa kuinua, anahisi na kukimbia. Na ukiona puto la zambarau limetupwa mchangani, linafanana na konyeza, usiliguse hata likiwa limekauka. Hiyo ni caravela-portuguesa, nyuzi zake zinachoma kuliko konyeza wote niliowajua Bagamoyo.

#18 Kabwela_Mkweli

Mimi sina hata pasipoti lakini nimesoma yote. Kuburuta miguu nimeshika.

#19 BintiMburahati

Wakuu, nimerudi kuleta mrejesho. Nipo Lisbon siku ya tatu.

Jana utabiri ulisema mita 1.8, sekunde 13, kaskazini-magharibi, upepo wa kaskazini mwepesi. Nikakumbuka kukunja kona, nikasema hiyo hapa itakuwa chini ya mita moja. Nilipofika ilikuwa hivyo hivyo, makubwa kidogo yakija kwa makundi. Mwezi mpevu ulikuwa juzi, maji yamekupwa saa nne. Mwalimu niliyempata alikuwa amepanga somo saa sita, sikumuuliza kwa nini, nilijua.

Nilifika mapema nikakaa mchangani kama alivyosema kaka. Dakika kumi za kwanza sikuona kitu, niliona bahari tu. Kisha nikaanza kuona pale ambapo povu halifiki. Mstari mweusi, na kitu kama mchanga unaelea kuelekea nje. Mwalimu alipokuja nilimwonyesha nikamuuliza kama ndiyo agueiro. Akanitazama, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwa watu wa Tanga na Mtwapa.

Nimesimama mara mbili. Mara ya kwanza sekunde moja. Mara ya pili nilifika hadi maji ya magotini nikiwa bado nimesimama, nikapiga kelele, bibi mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa wake akanipigia makofi. Kofia ya mpira ilinikaa vizuri. Mabega leo hayanyanyuki, lakini nataka kurudi kesho. Kaka, kesho saa ngapi?

#20 MwanaRaskazone

Hongera sana dada yangu, nimesoma hapa nilipo nikasimama.

Maji yanachelewa kama dakika arobaini kwa siku wakati huu wa mwezi, na leo yamekupwa saa tano kasoro. Kwa hiyo kesho yatakupwa saa tano na nusu hivi, shuka saa saba na nusu yakiwa yanarudi. Upepo utageuka magharibi jioni, kwa hiyo usichelewe. Mimi nitakuwa upande wa katikati, ubao wa njano. Ukifika kabla yangu, usiingie. Kaa mchangani, nionyeshe mstari uko wapi nikija.

#21 NahodhaMtwapa

Nasi twangoja habari.